TAHADHARI: Niliuziwa mota ya dirisha iliyotoka kwenye gari langu mwenyewe

Wenzangu mnaoendesha magari ya zamani hapa Nairobi, naomba mnisome kabla hamjamruhusu mtu yeyote kufungua mlango wa gari lenu. Wiki tatu zilizopita nililipa shilingi 6,500 kununua mota ya dirisha, ile inayopandisha na kushusha kioo kwa umeme. Mota hiyo ilikuwa yangu. Ilitolewa mlangoni mwangu, ikapulizwa rangi ya fedha, ikarudishwa mlango ule ule.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya 1999. Kioo cha dereva kilianza uzito Januari. Kushuka kinashuka vizuri, lakini kupanda kinajikongoja, na kikifika nusu kinasimama mpaka nikisukume kwa kiganja. Nilihesabu sekunde 14 kutoka chini hadi juu. Anayeendesha mjini anajua hiyo ni hatari ya namna gani: umekwama kwenye jam pale Globe, kioo kiko wazi, simu iko pajani, na mkono unaingia na kutoka kabla hujageuka. Mvua nazo zilikuwa zimeanza. Nikaona nisiendelee kuahirisha.

Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan. Sijazima hata injini, kijana keshafika dirishani. "Mama, hilo dirisha limechoka, nimeliona likipanda. Spea iko, fundi yuko, nusu saa unaenda zako." Alikuwa broka. Hana duka, hana meza, kazi yake ni kukupeleka kwa mwenzake na kukata chake. Nilikuwa na haraka ya kuwachukua watoto shuleni, nikamfuata.

Fundi alifungua paneli ya mlango kwa bisibisi, akiivuta kwa nguvu hadi nikasikia vishikizo vya plastiki vikikatika. Ile nailoni ya kuzuia maji nyuma ya paneli aliichana yote, akaikunja na kuitupa. Akatoa mota, akaiunganisha na betri ndogo ya pikipiki iliyokuwa chini kando ya tairi. Ikazunguka kwa kugugumia. "Umeona, mama? Imekufa hii." Broka akaichukua aipeleke dukani "wakalinganishe meno", maana eti meno yakitofautiana haitaingia. Alikaa kama dakika ishirini. Akarudi na mota inayong'aa, ya kutoka Japani, akasema. Hiyo hawakuiunganisha na betri ya pikipiki. Waliiunganisha na betri ya gari langu, moja kwa moja, nayo ikazunguka kama feni. Betri zote mbili ziko mbele ya macho yangu, na sikuuliza kwa nini kila mota inajaribiwa kwa betri yake.

Mota hiyo ilikuwa inanata kidogo kwenye kidole na inanuka rangi. Mimi nikaona ndiyo harufu ya kitu kipya.

Fundi akapulizia oili kwenye raba zote za kioo, akarudisha mlango. Kioo kikapanda vizuri. Nikatuma pesa kwa namba ya simu niliyotajiwa na broka, si Till, yaani namba ya malipo ya duka lolote. Risiti sikupewa. Nilipoulizia mota yangu ya zamani nikaambiwa imeshatupwa kwenye vyuma chakavu.

Siku ya nne kioo kikarudia uzito, sasa kibaya zaidi, kikiacha michirizi ya tope jeusi. Mvua ilipopiga usiku mmoja, asubuhi nikakuta zulia la mbele limelowa chapachapa. Nikampelekea gari fundi mmoja mzee wa Buruburu ambaye alimtengenezea marehemu baba yangu magari. Alipoishika ile mota aliigeuza mara moja, akanyamaza, kisha akaniita. "Njoo uone waya huu, mwanangu."

Miaka miwili iliyopita waya wa mota yangu ulichubuka nikiwa safarini, na fundi wa njiani, kwa kukosa teipu, aliuzungushia plasta ya kidonda niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Plasta hiyo ilikuwa bado pale. Chini ya rangi ya fedha yalionekana yale matundu madogo madogo ya plasta, na pembeni ilipobanduka palikuwa na rangi yake ya kahawia. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Hasira ilikuja baadaye.

Na tangu mwanzo mota yangu haikuwa mbovu. Mzee alipima umeme: betri ilikuwa na volti 12.5 injini ikiwa imezimwa, lakini kwenye soketi ya mota, kioo kikiwa kinapanda, mita ilisoma 9. Mota ilikuwa inalishwa kwa njaa. Akafungua swichi ya mlango wa dereva, tukakuta vile vishaba vya ndani vinavyogusana vimeungua na kuwa vyeusi. Akavisugua kwa msasa laini. Kisha akafunga kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye kadi ya plastiki, akakipitisha ndani ya mfereji wa raba ambamo kioo hupita. Kitambaa kilitoka kikinata kwa udongo na ile oili. Akanieleza kwamba oili ya kawaida inafurahisha siku mbili tatu, halafu inakusanya vumbi na kuharibu raba ikavimba. Panapohitaji kulainishwa ni silikoni ya kupuliza. Grisi mpya akaipaka kwenye mikono ya mashine inayoinua kioo, maana ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama gamba. Akakata nailoni mpya akaibandika. Nilimlipa shilingi 1,800 kwa kila kitu. Kioo sasa kinapanda kwa sekunde 5.

Kwa hiyo kabla ya kuuziwa mota, angalieni hivi. Kama vioo vyote vinne ni vizito, anza na betri, altaneta inayoichaji, na waya wa ardhi unaounganisha betri na bodi ya gari. Kama ni kioo kimoja, tatizo liko kwenye mlango huo au swichi yake. Kioo cha abiria kikipanda upesi kwa swichi ya mlango wake lakini kikavuta miguu kwa swichi ya dereva, shuku swichi ya dereva. Anayesema mota imekufa bila kupima umeme kwenye soketi yake, kioo kikiwa kinapanda, amebahatisha au anakudanganya. Na ikibidi mota itolewe, itie alama kwa kalamu isiyofutika, ikae mkononi mwako, ijaribiwe kwa betri ile ile itakayotumika kujaribu nyingine. Ya zamani urudi nayo nyumbani.

Nilirudi Kirinyaga Road. Mwenye duka nililoonyeshwa siku ile alisema broka huyo hamjui, na huenda ni kweli; wako wauzaji waaminifu wengi pale, nami nimenunua kwao miaka mingi. Sheria ya kumlinda mtumiaji ipo tangu 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini nitamshtaki nani? Namba ya simu haipatikani na risiti sina. Ndiyo maana nasisitiza: lipia kwenye Till yenye jina la duka, na risiti iandikwe namba ya gari na kitu ulichonunua.

Jumamosi nilipita tena. Kijana yule yule alikuwa ameegemea mlango wa mzee mmoja mwenye Nissan B15, paneli iko chini kwenye lami, betri ya pikipiki kando ya tairi. Niliegesha, nikashuka, nikamwamkia mzee na kumwambia aishike mota yake asiiachie. Aliishika. Broka akavuka barabara bila kugeuka.