Uzoefu wangu: Land Cruiser la kukodi, Mombasa hadi Voi kupitia Sala, na tangi la pili

Gari lenyewe silisemi vibaya. Ni Land Cruiser la zamani kidogo, injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, ile ambayo fundi yeyote wa Changamwe anaifungua macho yamefumba. Nililikodi siku nne kwa kampuni moja ya hapa mjini. Jina lao silitaji, maana mwisho tulizungumza kwa adabu, ingawa pesa yangu mpaka leo sijaiona. Safari ilikuwa Malindi, lango la Sala, kisha ndani ya Tsavo Mashariki kufuata mto Galana, tutokee Voi na kurudi nyumbani kwa barabara kuu. Mimi, mke wangu, na shemeji yangu ambaye kazi yake ilikuwa kushika ramani na kumaliza korosho.

Kilichonivuta ni matangi mawili, kila moja lita 90. Asubuhi ya kukabidhiwa gari, kijana wa ofisi aliwasha, akabonyeza kitufe cha kuhamia tangi la pili, mshale wa geji ukapanda mpaka juu. "Tangi la pili limejaa, mzee. Hili la kwanza ndilo utie mwenyewe." Kwenye fomu akaandika hivyo hivyo, nami nikatia sahihi juu ya boneti bila kusoma mara mbili.

Tangi la kwanza nikalijaza hapa hapa Mombasa. Mafuta yanateremshwa hapa bandarini, Kipevu, kwa hivyo EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta nchini, wakitangaza bei kila tarehe 14, sisi ndio huwa na afadhali. Ukielekea bara gharama ya usafiri inapandia juu ya kila lita. Malindi nikavipita vituo vyote. Nisimame kwa nini na lita 180 ziko chini yangu? Shemeji ndiye aliyeng'ang'ania tubebe na dumu la chuma la lita 20, nikamnung'unikia kuhusu uzito, maana dizeli ya dumu hilo ni kama kilo 17 na chuma chake hujakihesabu. Alhamdulillahi nilishindwa.

Waliniambia gari linakwenda kilomita 9 kwa lita. Kwenye lami, kweli. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 na sina la kusema. Kutoka hapo hadi Sala, kama 110 nyingine, ilikuwa vumbi na barabara iliyojikunja kama bati la paa, na hapo zikashuka mpaka 7. Ndani ya mbuga hesabu ya kilomita ikafa kabisa. Ruhusa ni mwendo wa 40, lakini kwenye mchanga hata huo huufikii. Uko gia ya pili, injini inanguruma, gari linatambaa. Halafu mnasimama kutazama tembo waliopakaa udongo mwekundu, jua kali, mke wangu anataka AC, injini inawaka dakika arubaini na hamjasogea hata hatua moja. Siku ya pili niliandika kwenye daftari: saa tisa barabarani, kilomita 190. Yaani 21 kwa saa. Na kwa lita, kilomita 5.

Tangu hapo mimi porini sihesabu umbali, nahesabu saa. Malango yanafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo naanza na saa ya kufika kambini, narudi nyuma kwa mwendo wa 20, ndipo najua nitoke saa ngapi. Siku ya kwanza tulikosea hapo. Mahamri na mbaazi za Kilifi zilitukalisha, tukaingia Sala saa nane mchana na jioni nzima nikaendesha roho mkononi, jambo ambalo nalo hula mafuta.

Matairi pia. Yalikuwa na presha 36, na kwenye laga moja, yaani mto mkavu wa mchanga, karibu na Galana gari likaanza kujichimbia. Nikayapunguza mpaka 24, likatoka kama halikuwa lenyewe. Lakini kampuni haikutoa pampu wala kifaa cha kupimia. Vyote vilikuwa vyangu. Gari la porini bila pampu ya upepo ni nusu gari, na hili nawakatia alama.

Siku ya tatu, tukielekea bwawa la Aruba, taa ya mafuta ikawaka. Sikushtuka. Nikabonyeza kitufe cha tangi la pili, mshale ukapanda juu, nikamwambia shemeji unaona raha ya gari la matangi mawili. Tukaenda kama kilomita moja. Injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza.

Dizeli si petroli, kwamba utie mafuta uondoke. Ikishavuta hewa lazima uitoe. Na mbugani hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Tulikaa kwanza dakika kumi tukitazama kila kichaka, kisha mke wangu akasimama kwenye tundu la paa kulinda, akisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Nikamimina dumu kwenye tangi la kwanza, nikarudisha kitufe, nikafungua boneti. Juu ya kichujio cha dizeli kuna kitufe kinene cha kupampu kwa kidole gumba. Mwanzo kinazama kama puto bovu, hakina nguvu. Ukiendelea, kinaanza kukaza, kinakaza, mpaka kinakataa kidole. Nilihesabu mara sitini na tatu. Shemeji akapiga ufunguo, injini ikakohoa tena, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Gumba langu lilikaa na lengelenge wiki nzima.

Voi nikamwonyesha fundi. Akalala chini, akaligonga tangi la pili kwa spana, likalia kama debe. Halikuwa na kitu. Waya wa geji ulikuwa umegusana na mwili wa gari, na mshale ungepanda juu hata ukitia maji ya mchele.

Mwisho wa safari ndio uliniuma. Fomu inasema nimepewa tangi limejaa, kwa hivyo nilirudishe limejaa. Lita 90 ambazo sikuzitumia nikalipishwa kutoka kwenye amana. Meneja aliniskiliza, akanipa maji baridi, akasema geji za magari haya ndivyo zilivyo. Kwamba yeye anajua na mteja hajui, hilo hakuliona tatizo.

Kwa gari nawapa nne kwa tano: springi nzima, breki nzuri, gia ya nguvu inaingia bila kusukumwa. Kwa makabidhiano, moja. Na gari nitalikodi tena Disemba inshallah, nimeshawaambia. Safari hii matangi yote mawili tunakwenda kuyajaza pamoja na yule kijana kituoni, risiti mkononi, na kabla sijatia sahihi nitalala chini niligonge mwenyewe kwa spana.