Wamenikatia kile kibao, na baba alikuwa anakisubiri

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa. Kuna kibanda cha filamu mtaani kwetu hapa Dar, jina sitaji, wanakuwekea kwenye flashi zile filamu zilizotafsiriwa. Mwishoni mwa mwezi uliopita niliomba tatu za Sidney Poitier, mwigizaji mweusi wa Marekani, nikalipa shilingi 3,000. Mbili hazina tatizo. Ya tatu ndiyo iliyoniumiza: In the Heat of the Night, ya mwaka 1967.

Sikuitaka kwa ajili yangu. Baba ana miaka 80 na ushee. Kabla ya Uhuru, akiwa bado mtoto, alikuwa boi nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, Korogwe. Filamu hii aliiona mara moja tu ujanani, sinema, Tanga mjini, na tangu hapo kinachomkaa mdomoni ni kitu kimoja. "Yule mweusi alirudisha," anasema.

Kwa ambaye hajaiona: Poitier ni Tibbs, mpelelezi kutoka Philadelphia, anachunguza mauaji Mississippi, jimbo la Kusini mwa Marekani. Anaingia kwenye banda la maua la Endicott, tajiri wa pamba, anamhoji. Endicott anamzaba kibao. Tibbs naye papo hapo anamrudishia. Pembeni kasimama mtumishi mweusi na trei ya vinywaji mkononi. Yule mtumishi ndiye baba yangu.

Basi tukakaa Jumapili. Mfasiri, haki yake nimpe, ni fundi. Mkuu wa polisi anapomdharau Tibbs na kumwuliza huko kwao wanamwitaje, mfasiri akaweka: "Wewe boi, kwenu wanakuitaje?" Jibu likatoka kama radi: "Wananiita BWANA Tibbs!" Baba akapiga goti kwa kiganja. "Bwana!" akarudia, "Bwana!" Kwenye nyumba ile ya Korogwe bwana alikuwa mmoja tu, na mtu mweusi hakuwa yeye.

Tukafika kwenye maua. Endicott anainua mkono, picha ikaganda, ikaruka, Tibbs na mkuu wa polisi wameshatoka nje. Vibao vyote viwili havipo. Baba akaniuliza, "Kimepita?" Nikarudisha nyuma mara nne. Mwishowe akanionyesha yeye mwenyewe, akainua mkono wake unaotetemeka, akaupitisha hewani.

Kesho yake nikarudi kibandani. Kijana hakutoa hata macho kwenye simu. "Anti, si kibao kimoja tu? Stori si umeielewa?"

Kibao kimoja tu! Poitier mwenyewe alisimulia kwamba aliikubali kazi ile kwa sharti: akipigwa arudishe, na iandikwe kwenye mkataba kwamba kipande hicho hakitaondolewa kwa hali yoyote. Alijua anachokidai. Mwaka 1964 yeye na mwanamuziki Harry Belafonte walipeleka fedha kwa wanaharakati wa haki za weusi Greenwood, Mississippi, wakakimbizwa usiku na magari ya Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi weupe. Ndiyo maana alikataa kurudi Kusini, na sehemu kubwa ya filamu ikapigwa Sparta, Illinois, jimbo la Kaskazini. Mwaka huohuo wa 1964 alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya mwigizaji bora. Kwa hii ya Tibbs hawakumteua hata kugombea. Tuzo ya filamu bora ikaja, ya mwigizaji bora akapewa Rod Steiger aliyecheza mkuu wa polisi. Hilo nalo linaniuma kila nikilikumbuka. Mtu anapigania sekunde mbili kiasi hicho, halafu zinakuja kupotelea kwenye kompyuta ya kibandani, na anayeziuza haoni kilichopotea.

Nilikuja hapa kuwaambia msiende. Lakini nikimkumbuka baba akisema "Bwana!" nashindwa kulitamka moja kwa moja, maana furaha ile nimeipata kwao na sijaiona kwingine. Nendeni, ila kagueni faili lote kabla hamjalipa. Hapana, hata hivyo siwezi kuwapa sifa: kijana yule hakuniomba hata radhi. Flashi nimeiacha kwake. Akipata nakala nzima aniite, hata usiku, baba halali mapema.