Ekseli za nguvu kwa Land Rover 110: shafti tu, au ubadilishe ekseli nzima?

Wadau mambo vipi, karibuni tena gereji. Leo mnaniona nimekaa chini kabisa pembeni ya gari na mikono imejaa grisi, hii Land Rover 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi mnaijua, ndo ile naenda nayo Engaruka mpaka Natron, na hapa kwenye meza nimepanga vyuma vitatu nataka tuviangalie pamoja, maana kila wiki naulizwa swali lilelile, kaka nimeweka tairi za inchi 35 na loka ya nyuma (kile kifaa cha kufunga difu ili tairi zote mbili zizunguke pamoja), sasa ninunue ekseli gani?

Nawapa jibu langu hapahapa mwanzoni. Wengi wenu hamhitaji ekseli mpya, mnahitaji shafti nzuri (ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye tairi) na sivi jointi nzuri (kiungo kinachozungusha tairi la mbele hata likiwa limekatwa), na kabla hujatoa hela jiulize ukishaimarisha hiki, kitakachofuata kuvunjika ni kipi na kitakuvunjikia wapi. Hilo swali la pili watu hawajiulizi kabisa, mtu anaweka shafti za gharama halafu anavunja difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi, na shafti unabadilisha porini kwa nusu saa lakini difu ikisambaratika porini aisee unalala huko.

Haya, chuma cha kwanza hiki hapa, ngoja nisogeze kwenye kamera. Hii ni sivi jointi ya mbele kushoto, au niseme ilikuwa. Mnaona hili bakuli limepasuka, mipira ya chuma imetoka, hii kombe ya ndani imekatika vipande viwili. Hii niliivunja mwenyewe korongoni baada ya Selela, mvua ilikuwa imepita, nikawa napanda ukingo huku nimekata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele limenasa kwenye jiwe, badala ya kurudi nyuma kidogo na kunyoosha usukani, mimi nikakanyaga mafuta. Ikalia paa! kama risasi. Kosa lilikuwa langu na nalisema kwa sababu ndo kosa la watu wengi, sivi jointi ikiwa imepinda mpaka mwisho ndo iko dhaifu kuliko wakati wowote, mipira inabeba mzigo kwa pembe mbaya, nyoosha usukani kwanza ndo uombe nguvu.

Sasa watu wananiambia eti 300Tdi haina nguvu, itavunjaje chuma. Tupige hesabu. Injini inatoa nguvu ya kusokota ya Newton-mita 265 hivi kwenye mzunguko 1,800. Gia namba moja inazidisha mara 3.69, ukiweka lo (gia nzito) kwenye transfa, lile sanduku la gia la pili, inazidisha tena mara 3.32, difu inazidisha mara 3.54. Zidisha zote unapata zaidi ya Newton-mita 11,000 zinazosubiri kwenda kwenye tairi! Kwenye matope hazifiki zote kwa sababu tairi linateleza, na huko kuteleza ndo usalama wako. Shida inaanza tairi likipata mshiko mzuri kwenye mwamba, gari limeelemea nyuma, umefunga difu, mzigo wote unashuka kwenye shafti moja.

Na tairi kubwa linaongeza. Tairi la kawaida la 235/85 inchi 16 lina kipenyo cha milimita 806 hivi, la inchi 35 ni kama milimita 889, yaani mkono wa wenzo umeongezeka asilimia 10 kabla hata hujahesabu uzito wa tairi lenyewe na mshiko wake mkubwa. Kwa hiyo anayebaki na tairi za kawaida na hana loka, kaka, dada, baki na shafti za orijino, beba ya spea moja ndefu na moja fupi, hela iliyobaki nunua winchi. Nasema kwa moyo kabisa.

Chuma cha pili. Hii ni hafu shafti ya zamani, haijavunjika, lakini angalieni hapa kwenye meno. Mnaona meno yamepinda kama kamba iliyosokotwa? Hii ilikuwa imebakiza safari moja au mbili. Ujanja mdogo ambao hauna gharama, siku unafunga shafti chukua rangi nyeupe uchore mstari mmoja ulionyooka kuanzia upande wa difu mpaka upande wa flenji, yaani upande wa tairi, ukiichomoa baada ya msimu na mstari umezunguka, chuma kimeshachoka, toa.

Na hapohapo kwenye meno, hesabu! Ekseli za Rover (ndo za mbele kwenye 110) za zamani zina meno 10 upande wa difu, kuanzia kama 1994 wakahamia 24. Usiniambie gari yangu ni ya mwaka fulani kwa hiyo ni meno 24, magari yetu haya yameshabadilishwa ekseli mara ngapi hamjui, fungua uhesabu kwa kidole. Kwa sababu gia za ndani ya difu lazima zikubaliane na shafti, ukiagiza za meno 24 na difu yako ni ya 10 umeagiza mapambo. Ukitoka kwenye 10 kwenda 24 unabadilisha na kati ya difu, na mimi hapo ndo nasema sawa, kama unafungua kwa ajili ya hiyo basi weka difu ya pini nne (yenye gia ndogo nne) au loka ya hewa moja kwa moja, maana difu ya Rover ya kawaida ina gia mbili ndogo tu zinazobeba kila kitu na ndo itakayofuata kuvunjika ukishaweka shafti ngumu. Loka ya hewa ya kampuni ya ARB inakuja na bakuli lake na gia zake, inatoa ule udhaifu wote wa katikati. Kraun na pinioni, zile gia mbili kubwa zinazoleta nguvu kwenye difu, zinabaki zilezile lakini, hilo msisahau.

Nyuma ni habari nyingine. 110 nyingi za kabla ya 2002 zina ekseli ya Salisbury nyuma, lile bonge kubwa la duara lenye kifuniko cha bolti, ni ndugu kabisa wa Dana 60 ya Marekani, kraun yake ni inchi 9.75. Nzito, inaning'inia chini inagonga mawe, lakini ni jabali. Ukiwa nayo usiitoe! Nimeona watu wanaiuza ili waweke kitu cha kisasa, roho inaniuma.

Chuma cha tatu, kipya. Shafti ya chuma aina ya 4340, Waingereza wana EN24 ambayo ni karibu kitu kilekile, chuma chenye nikeli, kromi na molibdeni. Angalieni umbo lake, hapa katikati ni nyembamba kidogo kuliko kwenye shina la meno, wengine wanadhani wameibiwa chuma, hapana, imefanywa makusudi ili ukikanyaga ghafla shafti ijisokote kidogo kwa urefu wake wote na irudi, badala ya pigo lote kuishia kwenye meno. Waliobobea upande wa Land Rover ni Ashcroft kule Uingereza, wa Land Cruiser mtasikia sana Longfield na RCV wa Marekani, hao wanatumia mpaka 300M ambayo ni ngumu zaidi. Mimi kabla ya hizi niliagiza seti ya bei rahisi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, kaandika chromoly (yaani chuma cha kromi na molibdeni) kwa herufi kubwa, safari ya pili meno yakasokotwa kuliko hata ya orijino. Muuzaji asiyekwambia ni chuma namba ngapi na kimechomwa vipi, achana naye, neno chromoly peke yake halina maana yoyote.

Sasa wenye Hilux na Prado msiondoke. Ya kwangu nyuma, habu (kitovu cha tairi) inakaa kwenye beringi zake juu ya ekseli, shafti inazungusha tu haibebi uzito, ikikatika nafunga difu ya kati (ile ya kwenye transfa) narudi nyumbani kwa kuvutwa na mbele. Hilux na Prado nyuma shafti ndo inabeba gari. Ikikatikia upande wa tairi, tairi linatoka na shafti yake. Kwa hiyo nyie shafti na beringi zake ni suala la uhai, usipakie tani moja juu ya tairi kubwa ukategemea bahati.

Kuhusu ekseli nzima. Ya Nissan Patrol ya Y60 au Y61 ndo watu wanaitamani, kraun ya nyuma milimita 233, jamaa wa Australia wanaziweka kwenye Land Rover miaka mingi. Ni nzuri kweli. Lakini nati za tairi zinakuwa 6 badala ya 5, kwa hiyo ringi zote unanunua upya, unachomelea vishikio vyote, bonge la difu la mbele lazima likae upande unaokubaliana na propela yako (shafti inayotoka kwenye transfa), na fundi akikosea pembe ya mbele kidogo gari linayumba barabarani. Ukiwa unajenga gari la mashindano ya Rhino Charge kule Kenya, vituo 13 ndani ya saa 10 na unataka njia fupi kuliko wote juu ya majabali, hapo sibishi, weka hata za Unimog zenye gia kwenye habu. Gari la familia linaloenda Natron na watoto nyuma, hapana.

Mimi nimechagua hivi: nyuma Salisbury inabaki na loka, mbele shafti za 4340 na sivi jointi zake, difu ya pini nne, loka ya mbele siweki kwa sababu loka ya mbele ukiwa umekata usukani ndo inaua sivi jointi nilizotoka kuwaonesha. Shafti za orijino zilizotoka zima nazifunga kwa gunia zinakaa chini ya siti, ndo spea.

Oili sili zote mpya, msirudishe za zamani kwa kubana matumizi. Nikitembea kilomita 500 nachomoa flenji moja naangalia ule mstari mweupe, nitawarekodia.