Uzoefu wangu na helmeti ya vipande: ilifika na ufa, nikaiunga nyumbani

Ukitaka helmeti ya mavazi ya kuigizia, wauzaji wengi wa mtandaoni watakupa njia mbili: uletewe iliyokwisha kuungwa, au uletewe vipande uunge mwenyewe. Mimi nilichukua vipande, na baada ya kuifanyia kazi hapa Dar es Salaam nawashauri wenzangu wafanye hivyohivyo. Tena mkichukua, msikubali muuzaji awakatie kingo. Yale mabaki ya pembeni ambayo wengi huyatupa ndiyo yaliyoiokoa helmeti yangu.

Ni ile nyeupe ya askari wa Star Wars, ya filamu ya kwanza ya 1977. Za asili zilitengenezwa Uingereza na Andrew Ainsworth, katika karakana yake huko Twickenham, kwa njia ambayo watengenezaji wadogo wanaitumia mpaka leo: bamba la plastiki hupashwa moto mpaka lilegee, hulazwa juu ya kalibu, kisha hewa hufyonzwa kwa chini na plastiki ikashika umbo. Kwa njia hiyo huwezi kutoa helmeti nzima kwa mkupuo mmoja. Uso ni kipande chake, utosi na kisogo ni kipande kingine, halafu masikio mawili huja kufunika maungio. Kampuni ya Lucasfilm ilimpeleka Ainsworth mahakamani kwa kuuza nakala, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kisheria helmeti hii si sanamu bali ni kifaa cha kutengenezea filamu, hivyo haipati hakimiliki inayolinda sanamu. Yangu sikuinunua kwake; nilimpata mtengenezaji mwingine mdogo ambaye sitamtaja, kwa kuwa malalamiko yangu ni juu ya namna alivyofungasha, si kazi ya mikono yake.

Na kufungasha kwenyewe kulikuwa kubaya. Vipande vilipangwa kimoja ndani ya kingine vikatenganishwa kwa karatasi nyepesi, bila sponji hata moja. Uso ulifika na ufa kuanzia kona ya jicho la kulia mpaka shavuni, na ukingo wa chini karibu na kidevu ulikuwa umemegeka. Muuzaji alikubali kunipa uso mwingine, ila nauli ya posta ilikuwa juu yangu, na nauli hiyo haikuwa mbali na bei ya helmeti. Nikaamua kutengeneza.

Kabla hujashika gundi yoyote, jua plastiki yako ni ya aina gani. Nilimpelekea fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu, ambaye kila siku anaunga bodi za bodaboda zilizovunjika. Aliigonga kwa ukucha, akaikunja kidogo, akasema, "Dada, hii ni ABS, kama bodi za pikipiki. Usiishone kwa waya kama bampa la gari. Iyeyushe ishikane yenyewe." Mabampa mengi ya magari ni ya polipropilini, plastiki isiyoshika gundi kirahisi, ndiyo maana mafundi huyashona. ABS ina tabia tofauti: asetoni huiyeyusha. Kujihakikishia ni rahisi. Chukua kibaki, dondoshea tone la asetoni, subiri kidogo, kisha gusa kwa kijiti. Ikinata, ni ABS au jamaa yake. Ikibaki kavu na ngumu, una polipropilini au polithini, na maelezo yangu yote hapa chini hayatakusaidia. Baadhi ya helmeti za bei chee za watoto huenda zikawa za aina hiyo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Asetoni niliipata kwenye duka la vifaa vya saluni, ile safi wanayotumia kuondolea kucha za bandia. Dawa ya kawaida ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi ina maji na mafuta, na nyingine haina asetoni kabisa, kwa hiyo soma chupa. Nilikatakata mabaki ya helmeti vipande vidogo, nikavitia kwenye chupa ya kioo, nikamimina asetoni mpaka ikavifunika, nikafunga kifuniko na kuacha usiku kucha. Asubuhi nilikuta rojo jeupe zito kama uji wa ulezi. Hiyo ndiyo gundi, na hiyo hiyo ndiyo ya kuzibia. Msitumie vikombe vile vya povu jeupe, asetoni huvila papo hapo. Na kwa usalama wenu: asetoni inashika moto upesi mno, mvuke wake tu unatosha. Nilifanyia kazi barazani, mbali na jiko la gesi, na watoto niliwaondoa eneo lile.

Ufa wenyewe nilianza kuudhibiti kwa keekee ya milimita 2. Unatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia, hapo hauendelei tena. Ukiacha hatua hii, ufa utatembea tu siku ukiivaa. Kisha kwa ndani nilibandika ukanda wa ABS, nao kutoka kwenye mabaki, nikaupaka rojo na kuubana kwa vibanio vya nguo. Kwa nje nikajaza ufa tabaka jembamba juu ya tabaka. Wembamba ni lazima, kwa sababu asetoni ikiondoka rojo hunywea, na ukipaka nene plastiki ya chini italainika na kukunjamana. Pale kidevuni palipomegeka nilikata kiraka, nikakiunga kwa rojo, nikakisugua kikafuata ukingo.

Hapa ndipo faida ya mabaki inapoonekana. Kwa kuwa kiungo ni plastiki ileile, weupe ni uleule. Sikuhitaji rangi. Nilisugua kwa msasa namba 240, kisha 400, kisha 800 kwa maji, nikamalizia na 2000 na dawa ya kung'arishia bodi za magari. Ukiinamisha helmeti kwenye mwanga wa jua utaona mahali palipong'aa kidogo tofauti. Ukisimama hatua chache huoni kitu. Ningetumia putii ya magari ingenilazimu kupulizia rangi uso mzima, na ule mng'ao wa asili wa ABS ungekwenda.

Kuunganisha vipande kulihitaji subira kuliko nguvu. Kingo usizikate kwa msumeno. Tia chale kwa kisu cha wembe, rudia mara mbili tatu kwenye mstari uleule, kisha kunja. ABS inakatika safi. Baada ya hapo nilishikiza uso na kisogo kwa tepu ya karatasi, nikavaa, nikajitazama kwenye kioo, nikapandisha, nikashusha, mpaka macho yangu yakakaa usawa wa lenzi. Ndipo nikatoboa matundu, yote mahali ambapo masikio yatayaficha.

Masikio hayo! Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na karatasi ya maelekezo iliyokuja haikuyaeleza hata kidogo. Ilikuwa picha moja tu ya helmeti iliyokamilika. Kila sikio linapaswa kufuata mkunjo wa helmeti upande wake, na pande mbili hazilingani. Ondoa kidogo, jaribu, sugua, jaribu tena. Ukikata kwa pupa utabaki na pengo. Hapa pia, wale wanaouza zilizokwisha kukatwa hawakusaidii, maana hawajui utaifunga kwa upana gani.

Vitu vingine vya kwenye kifurushi: raba ya paji la uso na ya shingoni ni nzuri, laini, ilikaa bila kuvimba. Alama za kubandika ni safi. Lenzi ya kijani inakwaruzika upesi. Skrubu nimezibadilisha zote kwa chuma kisichoshika kutu, kwani hewa yetu ya bahari haina huruma na skrubu za kawaida. Ndani nimeweka sponji, na lenzi nimezishikiza kwa skrubu ndogo. Gundi ya bunduki, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa moto, msiitegemee kwa kazi hii. Ukiiacha helmeti kwenye gari juani, gundi inalegea na kila kitu kinaanguka. Supagluu nayo inashika haraka lakini ni kavu, ikipigwa inaachia.

Kuivaa Dar ni jambo jingine. Joto lake ni kali na pumzi inafunika lenzi ukungu mara moja. Nimefunga feni mbili ndogo za kompyuta, za volti 5, zinazotumia pawabenki ninayoiweka mfukoni, na lenzi kwa ndani nimezifuta kwa tone la sabuni ya vyombo likakaushwa kwa kitambaa. Tofauti ni kubwa sana. Chini ya kidevu huoni kitu, kwa hiyo kwenye ngazi lazima uwe na mtu wa kukushika mkono. Na tafadhali, hii si helmeti ya usalama: ganda lake ni jembamba, unene wa milimita mbili hivi. Mtu asipande nayo bodaboda hata kwa kupiga picha.

Kwa plastiki na umbo nampa muuzaji alama za juu. Kwa kufungasha na maelekezo, alama za chini kabisa. Ningenunua kwake tena, ila safari hii ningemwandikia kabla ya kulipa: ajaze sponji ndani ya uso, aache kingo zote kama zilivyotoka kwenye kalibu, na aniongezee kipande kimoja cha bamba lilelile. Kama huna mahali penye hewa pa kufanyia kazi, au shughuli yako ni wiki ijayo, nunua iliyokwisha kuungwa.