Kituo cha chupa na karatasi hapa chuoni, nimekitumia mwaka mzima na haya ndo maoni yangu

Habari zenu wadau. Watu kadhaa wameniuliza kama kile kituo cha kukusanya chupa na karatasi nyuma ya hosteli kina maana yoyote au ni cha kupigia picha siku ya mazingira basi, sasa mi nimekitumia tangu mwaka wa pili mpaka saivi niko wa tatu, kwaiyo naongea nilichokiona kwa macho yangu. Chuo sikitaji, Dar ina vyuo vingi, na humu ndani nina malalamiko yangu sitaki mtu mmoja abebeshwe lawama zote.

Kwa kifupi tu, kituo ni kizuri, nakipa nyota 4. Mapipa ya rangi tatu yaliyotapakaa kila kona nayapa 1, nitaeleza.

Kituo chenyewe ni banda la bati, meza moja, mizani ya kuning'iniza ile ya ndoano, na viroba vimepangwa ukutani kila kimoja na mzigo wake: chupa za plastiki nyeupe (zile zisizo na rangi), chupa za rangi, plastiki ngumu kama madumu na makopo ya losheni, karatasi nyeupe, maboksi, makopo ya soda. Unafika na mzigo wako wanapima mbele yako, unaiona mshale unasimama wapi, unalipwa hapohapo au unatumiwa kwenye simu. Sijawahi kupunjwa hata siku moja na kwangu hicho ndo kitu cha kwanza, maana huku mtaani wanaookota chupa wanalia na mizani kila siku. Hela yenyewe ni ndogo jamani tusidanganyane. Mi chupa nalipwa shilingi 300 kwa kilo, na siku moja nilikaa nikahesabu chupa za nusu lita mpaka kilo ikatimia zikafika 64, yani chupa 64 unapata hela ya andazi. Kwaiyo usiende kwa ajili ya hela. Kwenye kordo yetu tulikubaliana ile hela inanunua sabuni ya kuoshea vyoo na imetosha kweli, hatujachangishana tangu muhula uanze.

Kitu kilichonifanya nikipende kile kituo ni kaka anayepima. Mara ya kwanza nimeenda na kiroba kimejaa nimejiona nimemaliza kazi, akaniambia "dada yangu, hizi umeziosha lakini vifuniko umeacha", mi nikamuuliza kwani si plastiki zote? Hakunijibu kwa maneno. Akachukua mkasi akakata kipande cha chupa, akakata na kifuniko, akavitupa vyote kwenye ndoo ya maji. Cha chupa kikazama mpaka chini, cha kifuniko kikabaki kinaelea. Akaniambia hizo ni plastiki mbili tofauti kabisa, zikiyeyushwa pamoja zinaharibiana, ndo maana kule kiwandani wanazisaga wanazitia majini zijitenge, ila sisi tukivitoa huku huku mzigo unapanda thamani. Na chupa nyeupe inapendwa kuliko ya kijani sababu nyeupe unaweza kuitia rangi yoyote unayotaka, ya kijani itabaki kijani au itageuzwa nyeusi. Geuza chupa chini utaona pembetatu na namba ndani, 1 ndo chupa za maji na soda, 2 ndo madumu, kifuniko mara nyingi ni 2 au 5. Miaka yote nanunua maji sikuwahi kuigeuza chupa.

Karatasi nazo wanapokea vizuri, na wakati wake ni baada ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Kipindi kile madesa (zile notisi za kuchapa) yanatupwa kama hayana mwenyewe, rimu kwa rimu, mengine yamechapwa upande mmoja tu. Ushauri wangu, yale ya upande mmoja msiyapeleke kupimwa kwanza, yabaneni muandikie rafu upande wa pili, steshonari wanakufungia spairo kwa hela kidogo mno unapata daftari la muhula mzima. Yakijaa pande zote ndo yaende kwenye mizani. Na isiwe karatasi iliyofungia chipsi, ikishashika mafuta hawaipokei na wako sahihi kuikataa.

Haya sasa mapipa. Kijani la chakula, bluu la karatasi na plastiki, jekundu la takataka nyingine, yamebandikwa picha nzuri tu mtu yeyote anaelewa. Mi nilikua naamini kabisa. Nilikua nasimama pale na foili ya chipsi nawaza iende wapi, nawaelekeza na wenzangu, fesi yeaz (wa mwaka wa kwanza) wote wa block yetu niliwafundisha mimi. Alaf kipindi cha UE nimetoka kupiga msuli (kujisomea) saa kumi na mbili asubuhi nikalikuta gari la taka linapakia, vijana wanabeba pipa la kijani wanamimina, la bluu wanamimina juu yake, jekundu vivyo hivyo, vyote kwenye tela moja. Wali na maharage juu ya karatasi zilizokua kavu. Niliumia kweli, nilisimama pale mpaka gari likaondoka. Wale vijana siwalaumu, nilimuuliza mmoja kwa heshima tu akasema "sista, gari ni moja na dampo ni moja", wanapeleka Pugu Kinyamwezi kama taka nyingine zote za mji. Mkataba wa kuzoa hausemi kitu kuhusu kutenganisha. Yani mtu alinunua mapipa, hakununua safari ya pili ya gari, na bila hiyo safari ya pili rangi za mapipa hazina kazi. Nimeandika barua kwa serikali ya wanafunzi, imepokelewa na kugongwa muhuri, jibu bado.

Na kinachoniuma zaidi ni lile la kijani, sababu taka nyingi hapa chuoni ni chakula, asikwambie mtu. Makombo yakifukiwa dampo bila hewa yanatoa gesi ya methane ambayo inapasha joto dunia kuliko hata hewa ukaa (CO2), wakati wafugaji wa nguruwe wanayatafuta, na wanaofuga funza wa kulisha kuku nao wanayataka. Mama mmoja wa kafteria ya juu tayari anaweka ndoo yake pembeni na kuna mzee anakuja na baiskeli kila jioni kuichukua. Hakuna pipa la rangi wala bango, ni ndoo na ahadi yao, na inafanya kazi kila siku.

Kafteria hiyohiyo wameanzisha vyombo vya kurudisha, unaacha 2,000 unapewa hotipoti ya plastiki, ukiirudisha unapewa hela yako. Hii naikubali kuliko hata kituo, maana yale makontena meupe ya foam hakuna anayenunua, karibu yote ni hewa, kiroba kizima hakina uzito wa maana kwenye mizani. Shida vyombo ni vichache, ukifika saa saba na nusu vimeisha unarudishwa kwenye foam. Mi nabeba changu kutoka rumu na wananipakulia bila neno, tena mama anaongeza maharage. Na vioski vya geti la nyuma bado wanafungia maandazi kwenye vile vinailoni laini, wakati rambo (mifuko ya plastiki) zilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, waambieni wakufungie kwenye gazeti au toa chombo chako.

Maji ya kujaza: mashine mbili, moja mbovu tangu muhula uanze, ile ya maktaba nzima na maji yake ni ya baridi vizuri.

Kituo kinafunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa saa tatu hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi mwisho saa saba mchana. Nendeni Jumatano, foleni hakuna. Mi nina viroba viwili vya chupa nimevihifadhi chini ya ngazi, vifuniko nimeshavitoa, anayepita njia hiyo Jumatano anishtue tusaidiane kubeba.