Darubini ya 6-18x44 juu ya .22 na .223: uzoefu wangu Mtwara na Lindi

Darubini ya bunduki ninayoizungumzia ni ya 6-18x44, bomba lake la inchi moja, ina pete ya kurekebisha umbali kwenye lenzi ya mbele. Nimeitumia juu ya bunduki ya .22 (risasi ndogo), kisha juu ya .223 (yenye nguvu zaidi), kwa kazi mbili: kulenga shabaha ya karatasi, na kuwadhibiti ngedere na nyani wanaoingia kwenye mihogo, mahindi na korosho. Jina la kampuni siliandiki. Huku kusini mtu hachagui chapa, anachukua iliyomfikia, kwa hiyo kitakachomsaidia ni kujua vipimo vya kuangalia na hitilafu za kutafuta kabla hajatoa hela.

Jambo la sheria liwe wazi mwanzoni. Leseni ya silaha ni ya Polisi, na mnyama hata akiwa anamaliza shamba lako bado ni mali ya serikali. Afisa wanyamapori wa halmashauri apigiwe simu kwanza, kibali kitangulie, ndipo mambo ya risasi yafuate. Ukitaka kuagiza darubini kutoka nje, pita pia kwenye ofisi inayoshughulikia leseni yako uulize, usije ukakwama na mzigo bandarini.

Sasa namba. Ya kwanza, 6 hadi 18, ni ukuzaji. 44 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wauzaji husifia ile ya mwisho kwenye ukuzaji, na wanunuzi wengi huiangalia hiyo hiyo. Mimi nasema angalia ile ndogo. Kwa ukuzaji wa 6, umbali wa mita 100, unaona upana wa kama mita 5. Ukizungusha hadi 18, unabaki na chini ya mita 2. Mikorosho yetu matawi yake hushuka karibu kugusa chini, na ngedere haendi mstari ulionyooka: anatokea, anakaa kidogo, anaruka tawi la pili. Ukiwa kwenye 18 utakuwa unatafuta majani tu. Kwenye mashamba ya Tandahimba na Newala mara nyingi umbali halisi ni mita 30 hadi 80, na hapo nakaa kwenye 6 au 7. Ile 18 ni ya karatasi, tena asubuhi.

Nasema asubuhi kwa sababu jua likishapanda mchanga wetu unachemka. Kuanzia kama saa nne hivi, kwenye uwanja mweupe usio na majani, mazigazi yanafanya duara la shabaha licheze kama liko ndani ya maji, na ukuzaji mkubwa unayakuza mazigazi pia. Ukishuka hadi 9 au 10 picha inatulia na makundi ya risasi yanabana. Mtu anayelaumu bunduki saa sita mchana ajaribu tena saa moja asubuhi kabla hajagusa nobu yoyote ya kurekebisha darubini.

Kuhusu mwanga hesabu ni rahisi. Gawa 44 kwa ukuzaji uliouweka, unapata upana wa mwale unaofika jichoni. Kwenye 18 ni milimita 2.4, kwenye 8 ni 5.5. Mchana 2.4 inatosha kabisa, lakini alfajiri mboni ya jicho imefunguka kuliko hapo na picha inakuwa nyeusi. Dawa yake ni kushusha ukuzaji, haihitaji kununua lenzi ya 56. Nguruwe pori ni habari nyingine: huyo hutoka giza likiingia, na anataka bunduki kubwa zaidi ya hizi na darubini inayoanzia 2 au 3. Usimtafute kwa 6-18.

Kitu kilichonifanya niichague hii ni ile pete ya mbele. Darubini nyingi za bei ya kawaida zimewekwa paralaksi kiwandani kwa yadi 100, karibu mita 91, na haibadiliki. Maana yake ukilenga kitu kilicho karibu zaidi, msalaba (mistari ya kulengea) na shabaha havikai kwenye sehemu moja ndani ya bomba, na jicho likisogea kidogo pembeni, msalaba nao unahama ingawa bunduki haijatikisika. Kwa lenzi ya milimita 44 iliyowekwa mita 91, ukipiga mita 50 kosa linaweza kufika karibu milimita 10 kila upande. Ukipiga mita 25 linafika kama milimita 16. Kwa mnyama mkubwa hilo halina uzito. Kwa karatasi ya .22 yenye duara la kati dogo, au kwa kichwa cha ngedere, umeshakosa kabla hujavuta kifyatulio.

Namna ya kuitumia pete hiyo watu huikosea, kwa hiyo naieleza yote. Anza na lenzi ya jicho. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga, mbali na jua, angalia mara moja kisha fumba jicho. Msalaba usipokuwa mkali papo hapo, zungusha kipete cha nyuma kidogo, urudie. Usikodoe, jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya. Hilo likishakaa, usiliguse tena. Halafu laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, hakikisha haina risasi, weka shabaha mita 50, kisha pandisha na kushusha kichwa bila kuigusa bunduki. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, zungusha pete ya mbele hadi utulie. Namba zilizochongwa kwenye pete ni za kukisia tu. Yangu inatulia kwa mita 50 ikiwa imepita alama yake kidogo. Nimezungushia selotepu ya karatasi na kuweka alama zangu kwa kalamu: 25, 50, 75, 100, 200. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Kasoro ya pete ya mbele ni kwamba mkono unatakiwa ufike mbele kabisa. Ukiwa umelala kifudifudi huwezi kuizungusha bila kuharibu mkao. Zenye nobu ya paralaksi upande wa kushoto ni nzuri zaidi, ila ni ghali na nzito. Tena hii yangu ni ngumu kuzunguka asubuhi za Juni na Julai kule juu Makonde kwenye baridi. Shambani naiacha kwenye alama ya 50 na siigusi.

Msalaba wake una vistari vinne chini ya kitovu: 1.5, 4.5, 7.5 na 11 MOA (kipimo cha pembe, MOA moja ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100). Kwa .223 ya risasi yenye uzito wa greni 55 iliyowekwa ziro mita 100, yaani risasi inapiga palepale msalaba ulipo kwa umbali huo, kistari cha kwanza kinaangukia karibu sawasawa na mita 200, cha pili karibu na mita 300. Lakini vipimo hivyo ni vya kweli kwenye 18 tu. Msalaba wa darubini hii uko nyuma ya mfumo wa kukuza, haukui pamoja na picha, hivyo ukishusha hadi 9 kila kistari kinakuwa mara mbili: kile cha 4.5 kinasimama badala ya 9. Mtu akitumia kistari cha pili akiwa kwenye 9, mita 300, risasi inapita juu kwa karibu sentimita 40, kisha anasema darubini mbovu.

Kwa .22 mambo ya vistari ni madogo. Ziro yake naiweka mita 50, na kuanzia kama mita 15 hadi 55 risasi haitoki nje ya sentimita 2 juu au chini ya msalaba, kwa hiyo unalenga moja kwa moja. Ukifika mita 100 imeshuka sentimita 17 hadi 23 kulingana na risasi, sawa na kliki 23 hadi 32 (kliki ni hatua moja ya nobu). Upepo ndio mkorofi zaidi. Kusi likivuma kilomita 16 kwa saa kutoka pembeni, risasi ya .22 inasukumwa sentimita 10 hadi 14 kwenye mita 100, na ajabu ni kwamba zile za kasi kubwa husukumwa zaidi ya zile za kasi ya kawaida. Kwa karatasi nunua za kawaida.

Nikija kwenye ufungaji, hapa ndipo darubini nyingi nzuri zinapoitwa mbovu. .22 nyingi zina mfereji wa milimita 11 juu ya boksi la boliti (sehemu ambamo boliti hutembea), wakati .223 hutaka besi, yaani vipande vya kukalia ringi, za kufunga kwa skrubu. Ringi (vishikio vya bomba) za huku hazikai kule. Bomba la inchi moja ni milimita 25.4, usilazimishe ringi za 30 kwa kuzungushia mpira. Chagua ringi za urefu wa kati: lenzi ya mbele yenye pete ni nene kuliko ya kawaida, na iachie milimita 3 juu ya mtutu, isiguse hata ikipata joto. Futa mafuta yote kwenye skrubu za besi, weka tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu, kaza. Skrubu za ringi zisipewe gundi. Zikazwe kwa kupokezana kona kwa kona hadi nguvu ya inchi-pauni 15 hadi 18, yaani kama Nm 2. Bila bisibisi yenye kipimo, shika spana fupi ya aleni kwa vidole viwili na uishie pale vidole vinapogoma. Ukikaza kwa ngumi unabonyeza bomba, na humo ndani ndimo mfumo wa kukuza unapoteleza. Ukisikia pete ya ukuzaji imekuwa nzito baada ya kufunga, umeshalibonyeza, legeza.

Kabla ya kukaza kabisa, weka pima maji juu ya boksi la boliti, tundika timazi ukutani, na uufanye mstari wa wima wa msalaba ufuate uzi. Ukiinama digrii 3 tu huoni kitu mita 50, ila ukipanda kliki nyingi kwa mita 200 risasi zinaanza kwenda pembeni. Jicho likae kama sentimita 9 kutoka lenzi ya nyuma, na lipime kwenye ukuzaji wa 18, kwa sababu hapo nafasi ni finyu.

Ziro naianza kwa kutoa boliti, kuchungulia shabaha ya mita 25 kupitia mtutu, kisha kuuleta msalaba hapo. Kliki moja ya robo MOA ni milimita 1.8 kwa mita 25, 3.6 kwa 50, na 7.3 kwa 100. Risasi ikipiga sentimita 9 kushoto kwenye mita 25, ni kliki 50 kulia. Piga tatu, rekebisha kwa katikati ya kundi, usikimbizane na risasi moja moja. Halafu jaribu nobu kama zinarudi: mita 50, piga kundi, panda kliki 40, kulia 40, chini 40, kushoto 40, ukipiga kila kituo. Kundi la mwisho lilalie la kwanza. Hii yangu inarudi. Ile iliyokuwa juu ya .22 hiyo hiyo kabla yake, 6-24x50 ya bei chee yenye namba kubwa ubavuni, ilirudi sentimita 4 pembeni, na baada ya masika ilikuwa na ukungu ndani.

Ukungu nao ni wa kuzungumza, kwa sababu pwani yetu kuanzia Mtwara mjini hadi Kilwa ni chumvi na unyevu. Bomba linatakiwa liwe limejazwa naitrojeni na kufungwa kwa oringi (mipira ya kuziba). Itoe darubini kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi nje: umande juu ya kioo ni kawaida na utakauka, ukiwa ndani ya kioo ni oringi imekufa, rudisha dukani. Usiifungie kwenye begi la ngozi au sponji miezi ya mvua. Kuvu huota kwenye lenzi na hula rangi ya kioo isiyorudi.

Kwenye mikorosho kuna salfa. Kuanzia Juni hadi Septemba mashine za kupulizia zinazunguka mashamba yote, na unga ule wa njano unakaa kila mahali. Kamwe usiufute kwa shati, wala kwa kitambaa kikavu. Puliza kwanza kwa kipira cha hewa, malizia kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi chenye tone la maji safi, kutoka katikati kwenda ukingoni. Salfa ikichanganyika na jasho hula weusi wa skrubu na ringi. Zipitishie kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki, ukiviepusha vioo.

Usafiri wa bodaboda kwenye barabara za vumbi za Liwale au Nachingwea unalegeza besi kuliko risasi zenyewe. Chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaopita juu ya kichwa cha skrubu na besi. Mstari ukikatika, kaza na upige tena risasi 3 za kuhakiki ziro kabla ya kazi.

Mwenye bunduki ya shamba tu, asiyepiga karatasi, achukue 3-9x40 au 4-12x40 yenye pete ya mbele na abakize hela ya ringi nzuri. Mwenye kazi zote mbili kama mimi, 6-18x44 inamtosha, na bado nisingeibadilisha kwa 6-24 ya bei hiyo hiyo.