Ubao wa bei ya petroli: kazi ya fundi wa tuktuk, Malindi

Walimu wenzangu wa Biashara wananiuliza kila mara ule ubao wa mchoro wa bei wa darasa letu la kidato cha nne tuliununua wapi. Hatukuununua dukani. Umechorwa na fundi wa hapa Malindi ambaye kazi yake hasa ni kupamba tuktuk: majina ya watoto, maua, dua za safari, timu za Uingereza. Anafanyia kazi kwenye kibanda cha mabati njia ya sokoni, na ukipita huwezi kukosa kuona vyombo viwili vitatu vinangoja zamu.

Nilimwendea kwa sababu nilichoka na karatasi za manila. Mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda kwa jumla, haueleweki kwa mchoro wa siku moja. Unataka kitu kitakachokaa ukutani mwaka mzima kikiongezewa. Manila kwa unyevu wa bahari huanza kujikunja hata gundi haijakauka vizuri. Na bei za mafuta ndizo nukta rahisi kuliko zote kuzipata: EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya inayopanga bei za mafuta, hutangaza kila tarehe 14, bei inaanza tarehe 15, mwezi unaofuata tena. Sisi tunatumia bei ya Nairobi kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye kila taarifa ya habari, hata ya miaka ya nyuma. Ya Malindi huwa chini kidogo, maana mafuta yanashukia bandarini Mombasa na kuja kwetu si mbali.

Nilipeleka plaiwudi ya futi nane kwa nne juu ya mkokoteni, na karatasi ya vipimo mkononi. Chini ni miezi, inchi moja kwa mwezi, Januari 2020 hadi Desemba 2026. Kushoto ni shilingi kwa lita, kutoka sufuri hadi 240, inchi tatu kwa kila shilingi 20. Kulia ni asilimia ya mfumuko wa bei, sufuri hadi 12, inchi tatu kwa kila asilimia. Fundi akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mwalimu, hapa chini ya themanini hapana kitu. Tuanzie themanini, ubao upate nafasi."

"Hapana fundi, anzia sufuri."

Hapo sikumlegezea. Petroli ilikuwa shilingi 83.33 Mei 2020, wakati Corona imefunga dunia na mafuta hayana mnunuzi. Oktoba 2023 ikafika 217.36. Hiyo ni mara mbili na nusu na ushei. Mchoro ukianzia 80, uzi utatoka sakafuni hadi darini na mtoto ataapa kwamba bei imepanda mara arobaini. Gazeti likimchorea hivyo siku moja, nataka awe wa kwanza kuangalia mstari wa chini unaanzia wapi.

Akafanya nilivyotaka, ila lile pengo lilimkera. Ubao ulipokuja shuleni nilikuta ameweka hapo tuktuk ya manjano, ndani yake mama wa buibui ameshika kikapu cha makuti, na usukani umekaa katikati kama inavyotakiwa. Hakunitoza hata senti. Mwanzo nilitaka kumwambia aifute. Sasa ndiyo inayoanzisha mazungumzo, maana hakuna mwanafunzi asiyejua nauli yake.

Kwa unyoofu wa mistari sina la kumwambia fundi huyu. Hatumii rula. Anachukua uzi, anaupitisha kwenye buluu ya kufulia nguo, kijana wake anakaza ncha ya pili upande wa pili wa ubao, yeye anaunyanyua katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Tap! Mstari wa futi nane umekaa pale kama wa mashine, ndipo anaufuata kwa brashi nyembamba bila kupumua. Niliukagua ubao wote kwa futi kamba na sikupata inchi iliyohama.

Nukta zetu ni pini, na kati ya pini na pini tunavuta uzi wa kushonea nyavu: mwekundu wa petroli, mweupe wa mfumuko. Nyuzi hizo mbili zikishakaa pamoja ndipo somo linapoanza kuwa tamu, kwa sababu haziendi pamoja. Mweupe ulifika kileleni Oktoba 2022, asilimia 9.6. Mwekundu ukangoja mwaka mzima, ukafika kilele chake Oktoba 2023, na mwezi huo mweupe ulikuwa umeshateremka hadi 6.9. Vijana walibishana sana hapo. Jibu liko kwenye kapu la KNBS, yaani orodha ya matumizi ambayo shirika la takwimu la taifa hupimia mfumuko: chakula peke yake ni karibu theluthi ya kapu, usafiri haufiki sehemu moja ya kumi. Mwaka 2022 ukame ulipandisha unga; mwaka 2023 petroli ilisukumwa na ushuru wa VAT uliotoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai, na shilingi iliyokuwa ikianguka mbele ya dola.

Kisha akasimama msichana ambaye baba yake anaendesha tuktuk. Oktoba 2024 mfumuko ni 2.7, petroli imeshuka hadi 180.66, mbona nauli ni ile ile? Nilimwita ubaoni aguse uzi mweupe. Ukiteremka, bei bado zinapanda, ila kwa mwendo wa polepole. Ili zishuke zote kwa jumla, uzi ungepita chini ya sufuri, pale ilipoandikwa miezi, na huko haujawahi kufika tangu tuuanze. Kuhusu nauli alijijibu mwenyewe kesho yake: baba anasema tairi na spea hazikushuka, na abiria wameshazoea.

Sasa lawama. Uso wa ubao ameupaka rangi ya mafuta ile ile ya tuktuk, inayong'aa. Kuanzia saa nane, jua likiingia dirisha la magharibi, wa safu ya nyuma hawaoni chochote isipokuwa mwanga. Tarakimu za upande wa kulia ni ndogo mno, na saba yake inafanana na moja. Alichelewa pia, akisema msimu wa wageni kila mwenye tuktuk anataka chombo kipya machoni. Hilo namwelewa, lakini muhula haungoji. Kwa hayo namkata nyota moja, nne zinabaki.

Alinitoza shilingi 4,500 kwa kazi na rangi. Plaiwudi na mkokoteni ni juu yako. Ukienda, mwambie mapema kabisa kwamba unataka rangi isiyong'aa, mwandikie saba unavyoitaka, na lipa nusu tu mpaka ubao ufike. Pini nunua zenye shingo ndefu, kwa sababu hizi fupi zinapinda kwenye plaiwudi ngumu. Na usimpelekee kazi mwezi Desemba.